Mpini wa Kumi na Mbili

Saa kumi na moja jioni nilitoka nyumbani, mtaa wa Tena, kwenda kumalizia mpini mmoja tu. Mahad, mwenye duka la vifaa vya kunyolea, alikuwa ameagiza brashi kumi na mbili za kupakia povu la sabuni ndevuni, kila mpini kwa mti wake: mpingo, mvule, mzeituni mwitu na kuendelea. Kumi na moja zilikuwa tayari, zinang'aa kama viatu vya gwaride. Mpini wa kumi na mbili ulikuwa bado kipande cha gogo, na gogo hilo lilikuwa limenisumbua tangu Machi.

Machi ndipo tulipomzika baba, huko kwetu magharibi. Siku ya tatu baada ya maziko mnyozi wa ukoo huwanyoa kichwa wafiwa wote, mjane na watoto wake, na nywele huzikwa chini ya mti mmoja mnene nyuma ya nyumba. Mimi sikuingoja siku ya tatu. Nilikuwa na miadi na ofisi ya vibali vya mbao, na miadi ya ofisi ile mtu haipati mara mbili maishani. Nilikata tawi la mti huohuo, jekundu, zito, lenye mistari kama maji, nikapanda basi na nywele zangu zote.

Karani aliitwa Bedan. Alikuwa na upara, na kitana mfukoni, sijui cha nini.

"Jina la mti?"

"Kwetu tunauita mti wa nyuma ya nyumba."

"Huo haupo kwa orodha."

"Lakini huu hapa, mzee, mezani kwako."

"Kwa meza upo. Kwa orodha haupo."

Akagonga muhuri: RUDI NA JINA.

Tangu siku hiyo sikunyoleka. Sisemi nilikataa. Sikunyoleka. Vinyozi watatu walinijaribu, na mashine tatu zikazima ziliponigusa. Makasi yakawa butu. Wa mwisho, Owen, alinifungulia mlango mwenyewe. "Buda, hiyo kichwa yako inaua mashine. Enda na Mungu."

Ningevumilia. Lakini siku tisa kabla ya jioni hiyo mke wangu Nthenya alijifungua binti, Mideva, jina la mama yangu, akiwa na nywele nyeusi tele hadi shingoni. Kabla sijamgusa, Mama akapiga simu. "Luseno, mtu aliyekwepa wembe wa matanga hashiki mtoto mchanga. Utampa hicho kifo ulichobeba."

Mimi ni mtu wa vitabu. Nina kadi ya maktaba. Lakini hebu jaribu kubishana na mama yako kuhusu mtoto mwenye jina lake. Siku tisa nilimtazama binti yangu kwa mbali, mikono nyuma, kama mgeni kwenye jumba la makumbusho. Nilitaka jambo moja tu: nimalize mpini, nipande basi nikanyolewe, nirudi nimshike.

Karakana yangu iko nyuma ya soko la Kariokor. Mafundi wa viatu vya tairi walikuwa wanafunga. Nilikaza kipande kwenye mashine ya kukereza, nikawasha, nikaegemeza patasi.

Stima ikapotea.

Bila shaka. Ingepotea lini tena? Taa ikazima, redio ya jirani ikakatika katikati ya tangazo. Nikatukana kwa lugha mbili.

Kisha nikaitazama patasi.

Mashine haikuzima.

Ilizunguka polepole, bila mvumo... na patasi ilikuwa inakula bado. Kilichoniangukia miguuni hakikuwa maranda. Niliinama nikakishika. Laini. Cheupe...

Nywele.

Ndipo harufu ikaja. Sabuni ya kipande, ile ya kufulia. Mlangoni alisimama mzee mwenye koti la kahawia, beseni mkononi. Alipotembea, maji ya beseni hayakutikisika.

"Hodi," alinong'ona, akiwa keshaingia.

"Tumefunga, mzee. Na brashi yenyewe sijaitia nywele."

"Zimo."

Akauchomoa mpini kwenye mashine iliyokuwa ingali inazunguka. Kweli, zilikuwamo.

"Huu... huu ni mti gani, mzee?" Hata wakati huo niliifikiria ile fomu. Mungu anisamehe.

"Hauna jina. Una kazi." Akanishika bega. "Keti, Luseno. Nimekuwa kwenye foleni yako tangu Machi."

Nilikaa. Sikuamua kukaa. Povu alilonipaka kichwani lilikuwa baridi kama sakafu ya mochari. Wembe ukaanzia kisogoni, ukapanda.

Krrr... krrr...

Hakunikata hata mara moja. Alipomaliza aliufuta wembe kwenye mkono wa koti.

"Wako wa nyumbani nimeanza nao," alisema. "Sipendi safari mbili."

Stima ikarudi. Hakukuwa na mzee. Hakukuwa na nywele sakafuni, wala kichwani mwangu. Mpini ulikuwa kwenye mashine, umekamilika, laini.

Nilimwambia mtu wa bodaboda aende kama anayefukuzwa. Saa moja na nusu nilisukuma mlango wa nyumba. Nthenya alikuwa kitini, kitambaa kichwani, mtoto amefunikwa shali.

"Wee! Hatimaye! Ni nani huyo amekuweza?"

"Nani amekuja hapa?"

"Nani aje? Stima ilipotea, nikasinzia kidogo, ndiyo imerudi tu. Hebu shika mtoto wako sasa, Baba Mideva, mikono yangu imekufa. Na ufunge dirisha. Tangu niamke nasikia baridi kichwani."

Nikamshika. Siku tisa, na sasa alikuwa kifuani pangu, ana joto, anapumua. Nilisogeza shali nimbusu utosini.

Sabuni ya kipande.

Utosi ulikuwa mtupu, laini kama mti uliopigwa msasa.

Nilimpigia Mama kwa mkono mmoja. Nikamweleza kwa kunong'ona, beseni, koti, wembe.

"Mnyozi wetu hajavuka mto tangu uhuru," alisema. "Lakini wewe umenyolewa kwa ajili ya baba yako, hilo limekwisha. Ashukuriwe Mungu."

"Na mtoto, Mama?"

"Mtoto amefanya nini?"

"Amenyolewa."



"Huyo hakumkuta babako duniani. Hawezi kunyolewa kwa ajili yake." Akapumua. "Wembe ule ni wa mfiwa, Luseno. Mtoto amefiwa na nani?"

Nikavuta shali, nikamfunika mtoto utosi.

"Na mama yake?" Mama akanong'ona. "Mwangalie kichwa. Mjane hunyolewa pamoja na watoto wake."

Jumamosi iliyopita Nthenya alikuwa amesukwa upya. Hata asubuhi ya siku hii misuko ilikuwa imekifurisha kitambaa kama mkate ulioumuka. Sasa kitambaa kilikuwa kimelala bapa.

"Mama anasema nini?" aliuliza, akijikuna juu yake.

"Anakusalimia."

"Salamu gani hizo za kukutoa jasho?" Akacheka, akapeleka mkono nyuma ya kichwa, akaanza kufungua fundo.