Mguu Usiokandwa

Kila jioni Mama aliporudi kutoka kiwanda cha nguo, alijitupa mkekani na kuita, "Vidole, njoo uniokoe!" Hilo ndilo jina la utani alilompa bintiye wa darasa la sita. Vidole alimkanda shingo na mabega mpaka yakalegea. Mara nyingi hata kichwa kilichomgonga Mama tangu asubuhi kilitulia, akapitiwa na usingizi kabla ya kula. Vidole mwenyewe alikuwa hoi kwa masomo, maji na vyombo, ila kazi hiyo alijivunia.

Jioni moja Mama aliingia akichechemea.

"Leo shingo iache. Nikande mguu huu. Kukaa kwenye cherehani kutwa si mchezo."

Vidole alipaka mafuta, akagusa shavu la mguu. Lilikuwa limevimba, ngozi imevutika, tena la moto. Mguu wa pili ulikuwa salama kabisa. Alikumbuka onyo la shangazi yake, anayekanda wagonjwa hospitalini: uvimbe wenye joto haukandwi. Akaondoa mikono.

"Kaza, mwanangu! Dawa ya moto ni moto."

"Samahani, Mama. Huu sikandi. Twende hospitali."

"Hospitali kwa uchovu tu? Sema umechoka na mimi!"

Maneno hayo yalimchoma, maana kuchoka alikuwa amechoka kweli. Alitamani kukanda kidogo tu, Mama anyamaze, wote walale. Badala yake alitoka mbio hadi nyumba ya pili kwa Shangazi. Shangazi alipouona ule mguu, hakuugusa. Alikwenda kutafuta teksi.

Daktari alimpima Mama akakuta damu imeganda ndani ya mshipa. Ingesukumwa, donge lingeweza kung'oka na kwenda kuziba mapafu. Alimlaza na kumwanzishia dawa. Baada ya siku chache uvimbe ulianza kushuka.

"Nilikuonea, mwanangu," Mama alisema akiwa kitandani. "Nisamehe."

Vidole alilia machozi ya uchovu na furaha pamoja.

Shangazi alimshika bega. "Kukanda kunafaa misuli iliyochoka, shingo iliyokakamaa, hata kichwa cha mawazo. Lakini si kila maumivu ni ya kukandwa. Mengine ni ya daktari, tena upesi. Mikono yako inajua kukanda, hilo tunalijua sote. Leo mama yako yuko hai kwa sababu ilijua pia kuacha."