Lita za Sufuria la Chai

Asubuhi ile kengele ililia, tukaoga, tukasukumana kwenye foleni ya chai, kisha tukaingia darasani kupokea elimu kwa unyenyekevu. Mimi nilikaa mbele kabisa. Mwalimu wa hesabu alipenda watundu wawe karibu naye.

"Leo nachagua wawili wa kwenda mashindanoni," alisema. Akachora sufuria kubwa la jikoni: kipenyo sentimita 70, kimo sentimita 50. Chini yake akaandika: "Jibu: lita 1,925." Akasema, "Nionyesheni njia tu."

Nilikokotoa, nikapata 192.5. Nikarudia. Ikawa ileile. Lakini mashindano niliyataka kufa na kupona, nami ni nani hata nimkosoe mwalimu? Nikalowesha kidole kwa mate, nikaifuta nukta, nikakabidhi daftari kwa uso wa malaika.

"Kuna aliyepata tofauti?"

Msichana tuliyemwita Kwanini, kwa maswali yake yasiyokwisha, alinyoosha mkono. "Mimi, mwalimu. 192.5."

"Dada, unamsahihisha mwalimu? Huna hata haya!" nikadakia. Darasa zima likacheka.

"Twendeni jikoni," alisema mwalimu.

Mpishi aliposikia lita 1,925, aliangusha mwiko. "Wanangu, mnataka kupika au kuogelea? Ndoo hii ni ya lita ishirini. Kumi tu haziingii!"

Tukamimina. Ndoo ya kumi ilipopita nusu, maji yakafurika hadi kwenye viatu vyangu. Masikio yakaniwaka.

"Mwalimu, nami nilipata 192.5. Nikafuta nukta."

"Doa nimeliona."

"Na ulinicheka!" alifoka Kwanini.

"Nisamehe, dada."

Kwanini akapata nafasi ya kwanza. "Ya pili," alisema mwalimu, "ni ya atakayetatua swali lililonitoa jasho hata mimi. Safari hii sitoi jibu. Nani analitaka?"

Wenzangu wote wakaanza kuchunguza dari. "Nipe mimi," nikasema.

Swali lile lilinitesa siku tatu. Nilikosea mara nne. Mara ya tano nilipata, nikapeleka kurasa zote, pamoja na maelezo ya kila kosa. Mwalimu alisoma polepole, kisha akaliandika jina langu kwenye orodha.

"Lile jibu la ubaoni nililikosea makusudi," alisema. "Ukipewa jibu, hata na mimi, lipime kwanza. Na swali gumu usilikimbie. Hizi kurasa nne ulizokosea zimekufundisha mengi kuliko jibu lolote ambalo ningekuandikia."