Ngumi ya Uzi Ilipofunguka

Ngumi ya kushoto ya Uzi ilifunguka Jumanne, saa nne asubuhi, mama yake akiwa kwenye cherehani anashona kola za sare za shule. Kwa miaka miwili haikuwahi kufunguka yenyewe. Kila asubuhi mama aliikunjua kidole kimoja kimoja kwa mafuta, kama alivyofundishwa na mtaalamu wa viungo, na kila asubuhi ilijifunga tena. Sasa kiganja kilikuwa wazi juu ya mkeka, na chumba kizima kilinuka spiriti na plastiki ya moto, harufu ileile ya wodi ya watoto njiti.

Mama, fundi cherehani, hakufurahi wala hakushtuka. Alimalizia kola. Moyo ulikuwa umemfia ganzi tangu ile mimba ya presha: wiki tisa za kulalia ubavu mmoja, kisha kisu, kisha mapacha wawili wa kike wa kuenea kwenye viganja vya nesi. Mmoja alinenepa, wakamwita Bonge. Mwenzake, Uzi, alikosa hewa siku ya tatu, na tangu hapo shingo, mikono na miguu havikumtii.

Jumatano Uzi aliinua shingo. Mchana ule Bonge akaangusha kikombe.

"Kimemponyoka tu," alisema bibi yao, mama mzazi wa fundi. "Mtoto ni mtoto."

Alhamisi Uzi akakaa, na Bonge, ambaye juzi tu alikuwa akikimbizana na paka, akaanza kuburuta mguu. Ijumaa fundi alikuwa ameinama juu ya Bonge, anamfuta mate yaliyokuwa yakimtiririka, aliposikia nyuma yake hatua ndogo, polepole, nyayo tupu kwenye sakafu, akajua bila kugeuka ni za nani, kwa kuwa Bonge alikuwa hapo mbele yake, ngumi ya kushoto imejifunga, macho yameganda darini, na ile harufu ikazidi mpaka ikamkaa ulimini, na sauti pevu, isiyo ya mtoto, ikamnong'oneza sikioni:

"Mama, si ulisema tuchukue popote?"

Bibi alimvutia jikoni. "Mwanangu, uliahidi nini?"

"Sikuahidi, mama. Siku ile Uzi alipokosa hewa nilisema, mpeni huyu nguvu, chukueni popote. Nilikuwa nasema na ukuta."

"Kuta zina masikio, hujui?"

"Nilidhani watachukua kwangu."

Jumamosi mganga alikuja na pikipiki, kofia ngumu kwapani. "Msinipe chai," alisema. "Nikishiba sioni kitu." Lakini alipomwona Uzi amesimama katikati ya chumba, anatabasamu, utani ulimkauka.

"Hili halitoki kwa dawa," alinong'ona. "Liliitwa kwa mdomo, litafukuzwa kwa mdomo. Mama Pacha, unamtaka huyu kama alivyokuwa?"

Fundi aliitazama ile miguu ya binti yake, imenyooka, inabeba mwili bila kushikwa.

"Namtaka."

Uzi akacheka. "Mwongo." Kwenye mkeka, Bonge akaanza kutweta, midomo inageuka rangi.

"Sema kweli, mama!" mganga alihimiza. "Mtoto anakwisha!"

"Sijui kama namtaka!" alisema fundi. "Sihisi chochote, kwa yeyote, tangu wodini. Lakini kesho nitamkunjua ngumi. Na keshokutwa. Rudisha cha mwenzake, utoke."

Magoti ya Uzi yalilegea. Fundi alimdaka kichwa kabla hakijagonga sakafu. Harufu ilikatika ghafla, na Bonge akaamka analilia uji. Fundi akakaa chini na Uzi mapajani, mzito, shingo haishiki, akalia kilio chake cha kwanza tangu ajifungue. Aliililia ile miguu.

Siku hizi anashona mlango umepigwa komeo, hata jua la mchana likichoma bati.

"Tutakufa kwa joto, mwanangu," bibi alilalamika. "Mganga si alisema limeshindwa? Unaogopa litaingia kwa nguvu?"

Fundi alikuwa akikunjua kidole cha tatu cha Uzi.

"Hapana, mama. Naogopa likibisha, nitalifungulia."