Kiyoyozi cha Arlys

"Hiki kizito, Dorinda. Paa la gari hili ni la mwaka sabini na nne, litabonyea."

"Basi chukua hiki chembamba."

"Kinakula umeme. Nyaya hizi za zamani zitaungua."

"Na cha tatu? Chepesi, umeme kidogo, kinaingia kwenye tundu lile lile la paa. Kina kosa gani, Lyle?"

Lyle akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaitazama tena karatasi ya duka yenye zile picha tatu.

"Rangi yake siipendi."

Rangi! Kitu cha kukaa juu ya paa, cha kuonwa na tai peke yao! Ningecheka, ila joto la Juni katika jangwa hili la Quartzsite lilikuwa limenimaliza. Nina miaka sitini na sita na presha juu. Wenzetu wote walishapeleka magari-nyumba yao milimani tangu Aprili, tukabaki sisi na mijusi.

"Lyle, unachagua AC, au unachagua kati yangu na Arlys?"

Juu yetu kiyoyozi kikongwe kikajizima, kama kilivyozoea. Kisha: ko, ko, ko.

Sote tukatazama juu.

Arlys alikuwa mke wake wa kwanza, amefariki miaka sita sasa; mimi nilikuja mwaka jana. Sisi wa magari-nyumba, mume akirudisha gari nyuma, mke husimama kule nyuma kumwelekeza, na akiona hatari anagonga bodi. Arlys alikuwa akigonga mara tatu. Simama. Tangu azikwe, Lyle hajalisogeza gari hata hatua moja. Mara mbili tulifunga mizigo twende Flagstaff, kule milimani. Mara mbili alizima kiyoyozi ili tuondoke, kikagonga, akashuka na kuketi kwenye kiti chake cha turubai.

"Anasema bado," akaniambia kwa sauti ya chini.

Siwafichi, nilikuwa namwogopa yule mwanamke. Nilikuwa nikioga namsikia, nikipika namsikia.

Nikachukua simu, nikamwandikia dada yangu: "Verna, njoo unichukue Ijumaa."

Akajibu hapo hapo: "Nakuja. Na usilie huko jangwani, utapoteza maji bure."

Lyle aliusoma ujumbe ule akichungulia juu ya bega langu. Akaketi polepole.

"Dorinda, nina neno."

"Sema."

"Ile inayogonga ni skrubu tu. Ililegea mwezi aliofariki. Fundi akaja akaikaza, kukawa kimya. Kimya kile... nilishindwa hata kupumua. Siku ya nne nikapanda ngazi, nikailegeza mwenyewe."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Yaani mwaka mzima nalala nimejifunika gubigubi kwenye tanuri hili, namwogopa marehemu wa watu, kumbe ni bisibisi yako?"

"Nilijua ni skrubu. Lakini ikigonga, nasikia ni yeye. Sijui nikuelezeje."

Nilitaka kumrushia kikombe. Badala yake nikalia, maji yangu yakapotea bure kama Verna alivyosema.

"Wapigie duka. Sasa hivi, nikusikie."

Akapiga.

"Ndiyo, kile chepesi. Ndiyo... rangi hiyo hiyo nyeupe."

Alhamisi asubuhi mafundi wakakiteremsha kile kikongwe kwa kamba, wakakilaza kwenye changarawe. Skrubu zake niliziomba mimi, nikazitia mfukoni. Hakuna wa kulegeza tena. Kipya kikawaka, baridi ikashuka bila kelele yoyote. Lyle akasimama chini yake, viganja juu, analia waziwazi.

Ijumaa nikamwandikia Verna: "Usije. Tunakwenda Flagstaff."

"Nenda nyuma unielekeze," Lyle akasema.

"Nigonge mara ngapi?"

"Usigonge. Niite jina tu."

Nikasimama nyuma. Sijawahi kuifanya kazi hiyo maishani, lakini ingenishinda nini?

"Njoo, Lyle! Njoo! Njoo, mpenzi!"

Magurudumu yakazunguka. Miaka sita! Nilikuwa nacheka kwa sauti.

Ko, ko, ko.

Gari likafunga breki. Kiyoyozi kikongwe kilikuwa pale pale kwenye changarawe, hatua tano kutoka kwangu, nyaya zimekatwa, skrubu zote zimo mfukoni mwangu.

"Dorinda!" Lyle alikuwa amechomoza kichwa dirishani, uso umemparama. "Ni wewe uliyegonga?"

"Siyo mimi!"

Nikarudi nyuma kidogo, mgongo ukagota kwenye chuma. Ilikuwa nguzo ya umeme. Nyuma ya gari ilikuwa imebakiza shubiri moja kufika kifuani kwangu. Lyle hakuwa akiniona kabisa pale niliposimama.

Nikajipenyeza pembeni. Nikazitoa zile skrubu, nikaziweka juu ya kiyoyozi kile, moja moja.

"Asante, mke mwenzangu," nikamwambia.

Halafu nikasimama upande, mahali ambapo kioo cha Lyle kinaniona.

"Haya, njoo, Lyle. Taratibu."