Dawa ya Jongo

Kila siku baada ya masomo, Adija alipitia dukani kwa babu yake karibu na soko la Kasulu, akamsaidia kukunja vitenge mpaka jioni. Babu Mudathiri alikuwa mcheshi. Mteja aliyekuja kununua kitenge kimoja aliondoka na hadithi mbili. Jumanne ile, hata hivyo, Adija alikuta mlango wa duka umefungwa kwa kufuli. Akatimua mbio mpaka nyumbani.

Babu alikuwa amelala kitandani, mguu wa kulia ameuweka juu ya mto. Kidole gumba kilikuwa kimevimba hadi ngozi inang'aa.

"Usikiguse!" Babu alipiga kelele kabla Adija hajakaribia. "Hata shuka likikipitia naona nyota mchana."

"Ni jongo, ule ugonjwa wake wa gauti. Limemrudia," Mama alisema kwa masikitiko. "Nimemsihi twende hospitali, hataki. Anasema litaondoka lenyewe."

"Litaondoka," Babu alijibu, akageukia ukutani.

Adija akaanza kuhesabu siku. Jumamosi shangazi yake, Asia, alikuwa anaolewa Kibondo, alikokuwa akiishi. Mwezi mzima nyumba ile haikuzungumza jambo jingine. Gauni la Adija lilikuwa tayari, na alikuwa hajawahi kufika Kibondo. Tena shangazi alikuwa amesema wazi, "Baba yangu yu hai. Ataniozesha yeye mwenyewe, sitaki wakili wa kumwakilisha." Sasa huyo baba hakuweza hata kuvaa kandambili!

Kesho yake shuleni, Adija na rafiki yake Niyonzima walikuwa maktaba wakitafuta habari za klabu yao ya sayansi. Walifungua kitabu kikubwa cha historia ya tiba. Ghafla Adija akaruka kutoka kwenye benchi.

"Niyo! Jongo! Limeandikwa humu!"

Walikutanisha vichwa wakisoma. Zamani sana, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, tabibu mmoja wa nchi za mbali aliwashauri wagonjwa wa jongo wapunguze nyama, waache pombe na waupumzishe mguu. Maumivu yakizidi, aliwapa mzizi wa ua fulani, na wengi walipata nafuu upesi. Ua lile halioti kwetu, kitabu kilisema, ila lipo jingine la Afrika lenye dawa ya aina ileile. Picha yake ilikuwa pale chini: petali nyekundu na njano, zimepinda kuelekea juu kama ndimi za moto.

"Hili nalijua!" Adija alisema, macho yamemtoka. "Linapanda kwenye ule uzio njia ya Murubona! Babu atapona leo leo!"

"Ngoja kwanza, kuna ukurasa mwingine."

Lakini kengele ya kwenda nyumbani ilikuwa imelia, na Adija alishafika mlangoni. Niyonzima alibaki na kitabu, kwa kuwa ndiye aliyepangiwa kuandika taarifa ya klabu.

Adija alichimba kwa kijiti na kucha mpaka akatoa mzizi mnene. Nyumbani hakukuwa na mtu ila Babu. Mama alikuwa amekwenda kufungua duka. Adija aliuosha ule mzizi, akautwanga, akauchemsha kwa tangawizi na sukari nyingi. Akilini alikwisha kumwona Babu akishuka kwenye basi Kibondo, kanzu imenyooka, watu wakimpokea kwa vigelegele.

"Nini hiki?" Babu aliuliza akipokea kikombe.

"Dawa ya jongo, babu."

"Umepewa na nani?"

Adija alisita kidogo. "Ni ya daktari. Daktari mkubwa, anajulikana."

"Basi Mungu ambariki," Babu alisema. Kikombe kilikuwa cha moto mno, akaanza kukipuliza.

Mara mlango wa uani ukafunguka kwa kishindo. Niyonzima aliingia anahema, jasho linamtiririka, kitabu amekikumbatia kifuani.

"Yemwe! Jamani, babu, usinywe! Usinywe! Ni sumu!"

Babu alikuwa amekwisha kukifikisha kikombe mdomoni. Adija hakungoja kuuliza. Alikipiga kwa kiganja, kikaruka na kuanguka sakafuni, chai yote ikamwagika.

Niyonzima alifungua ukurasa wa pili, akasoma kwa sauti inayokatika: "Mzizi wa maua haya una sumu kali. Kipande kidogo tu chaweza kumuua mtu. Wagonjwa wengi wa zamani walikufa kwa kuzidishiwa."

Adija akaanza kulia.

"Ulisema ni dawa ya daktari," Babu alisema polepole.

"Ni daktari kweli, babu. Ila… alikufa zamani. Zamani sana. Nilijua nikikwambia hutakunywa. Nisamehe!"

Babu aliitazama ile chai sakafuni, kisha akawatazama wale wasichana wawili.

"Mimi nimeogopa kwenda hospitali, mpaka mtoto akageuka daktari," alisema. "Mwite mama yako, Adija. Na bajaji ije mlangoni. Twende."

Hospitali, Daktari Venanti alihakikisha kwanza kwamba Babu hakunywa hata tone na kwamba Adija amenawa vizuri kwa sabuni. Akampima Babu damu na figo. Alipoelezwa kisa chote alitikisa kichwa.

"Yule tabibu wa kale hakuwa mjinga," alisema. "Dawa itokanayo na maua hayo tunaitumia hadi leo. Ila sasa inatengenezwa kiwandani na kupimwa kwa uangalifu mkubwa, na sisi tunajua nani apewe na kiasi gani. Mzizi uliochimbwa njiani hauna kipimo." Akamgeukia Babu. "Na ushauri wake mwingine bado ni mzuri. Mzee, unapenda nini mezani?"

"Maini," Babu alijibu kwa aibu. "Na dagaa. Kila siku."

"Hivyo ndivyo vinavyochochea jongo lako. Punguza, na unywe maji mengi," daktari alisema, akampa Babu vidonge na kumweleza namna ya kuvimeza.

Alhamisi uvimbe ulianza kupungua. Ijumaa Babu alivaa kandambili, na nyumba nzima ikapiga vigelegele. Jumamosi alfajiri walipanda basi la Kibondo, Niyonzima akiwa kati yao, maana Babu alikuwa amesema hatoki Kasulu bila yeye.

Nyumbani kwa bibi harusi waliletewa chai na sahani ya maini ya kukaanga. Babu aliitazama kwa huzuni, akaisukuma kwa Niyonzima. Wote wakacheka.

"Sikilizeni, wajukuu zangu," alisema. "Kusoma ni jambo jema, lakini usiishie pale panapokufurahisha, soma mpaka mwisho. Na ukitaka kumsaidia mtu, mwambie ukweli wote, hata ukiogopa atakataa. Mwili ni wake, na uamuzi ni wake. Mimi nami nimejifunza: ugonjwa haufichwi kitandani, unapelekwa kwa wanaoujua."

"Nimekuelewa, babu," Adija alisema.

Nje, wageni wa upande wa bwana harusi walikuwa wamefika, ngoma zimepamba moto. Mtu akamwita Babu. Mzee Mudathiri aliinuka, akakanyaga chini kwa miguu yote miwili, akaenda kumwozesha binti yake.