Posa Iliyomwangukia Dada

Jumamosi asubuhi soko la Bagamoyo lilikuwa limefurika, na kwenye bucha la Salumu watu walibanana mpaka mzani ukayumba. Zaina binti Rajabu alipenya na kapu lake, baibui limerushwa begani, gauni la maua likichungulia chini yake, akanyoosha mkono kuuchukua ubongo wa mbuzi uliobaki peke yake juu ya ubao. Mkono mwingine ukawahi. Ulikuwa wa kijana mrefu aliyevaa suruali ya bugaluu iliyofagia sakafu, na viatu vya raizoni vilivyomwongezea urefu asiouhitaji.

"Samahani, dada. Huu nimeuagiza tangu jana."

"Umeuagiza kwa nani, kwa mbuzi?"

Salumu akajifanya ananoa kisu, maana alikuwa amewaahidi wote wawili. Zaina alieleza kwamba baba yake ana kizunguzungu na mama anataka kumpikia supu. Kijana naye akasema anaitwa Msabaha, anafundisha wauguzi, na wanafunzi wake wanaungoja ubongo huo wauangalie na wauelewe.

"Na baba yangu anywe nini? Uelewa?"

Bucha zima likacheka. Mwishowe Zaina akatoa sharti: amweleze pale pale kilichomo ndani. Akimchosha, ubongo unaingia sufuriani.

Basi Msabaha akainama juu ya ubao wa nyama kama yuko darasani. Alisema humo mna chembe zisizohesabika, zinaitwa neva, kila moja ina matawi kama tumbawe. Habari inakimbia ndani ya tawi kama umeme mpaka ikafika nchani. Pale inakwama, kwa sababu neva ya pili iko karibu sana lakini hazigusani. Katikati pana kijipengo ambacho jicho halikioni. Ndipo neva ya kwanza inapomwaga vitone vya dawa, vitone vinavuka, na ng'ambo habari inapokelewa na kuendelea na safari.

Zaina alikuwa mtu wa simu pale posta, kutwa anachomeka waya huku na huku ili watu wasikilizane. Akasema hiyo ndiyo kazi yake.

"Hapana. Wewe ukichomeka, waya zinagusana. Hizi ni kama watu wa posa. Mimi siwezi kuvuka mwenyewe kwenda kwa baba yako. Lazima awepo mshenga."

"Baba yangu ameingiaje kwenye ubongo wa mbuzi?"

Msabaha akaondoka na ubongo wake, masikio yakimwaka. Mzee Rajabu siku ile akanywa supu ya kongoro, na kizunguzungu kikapona hivyo hivyo.

Kuanzia Jumatatu simu za kliniki alikofundisha Msabaha zikawa nyingi kupita wagonjwa.

"Nipe Kiwangwa, mpenzi."

"Kiwangwa hakuna simu, na wewe unajua."

"Najua. Nitasubiri."

Katika kusubiri huko alimsimulia mengi. Alikuwa akiwaambia kina mama wazungumze na watoto wao wachanga na kuwaimbia, kwa sababu ubongo wa mtoto hufungua njia nyingi kuliko anazohitaji. Njia inayopitwa kila siku hukomaa, isiyopitwa hufifia kama ya kwenda shamba lililotelekezwa. Kina mama walimcheka na kumuuliza utamwambia nini mtu asiyejua kujibu. Akawajibu wamwambie wanapika nini, hata kama ni mchicha. Siku nyingine walitegeana vitendawili.

"Kitendawili."

"Tega."

"Majirani hawajagusana hata ukuta, lakini kila dakika wanapeana chumvi."

Zaina alibahatisha mpaka akachoka, akampa mji, akampa Saadani. Msabaha akasema Saadani amekwenda, amekula ng'onda mpaka ameshiba, Zaina amebaki na mate tu. Jibu ni neva. Kisha sauti yake ikashuka, akamwambia kwamba wiki ile atatuma mshenga.

Mshenga alikuwa mjomba wake, Bwana Sadallah wa Kerege, mtu wa zamani aliyeona kwamba kumtaja binti wa watu kwa jina mbele ya baba yake ni kumvua nguo. Alikuja na doti ya kanga na bakuli la halua, akasema wameona ua katika nyumba hii, wanaomba ruhusa ya kulinusa. Mzee Rajabu alikuwa na maua mawili, na kwake hakuna aliyewaza kwamba mdogo anaweza kumtangulia mkubwa. Akashauriana na mkewe, akajibu kwamba ua liko tayari. Hakuna aliyeuliza ua lipi. Wakanywa kahawa, wakaagana wameridhika.

Zaina aliporudi kazini alimkuta dada yake mkubwa, Mardhiya, amejifunga kanga mpya, shangazi wanapiga vigelegele. Akauliza mchumba ni nani. Akaambiwa ni Msabaha, yule mwalimu wa afya. Akatoa pongezi, akaingia jikoni, akakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji.

Kesho yake taa ya kliniki ikawaka kwenye mtambo wa simu.

"Wamekubali, roho yangu."

Zaina akachomoa waya. Ikawaka tena, akachomoa tena. Kilichomuudhi zaidi ni mkono wake mwenyewe. Kila taa ile ikiwaka, mkono ulikwenda kuchomeka kabla hajaufikiria. Njia ilikuwa imekwisha komaa. Mwishowe akaukalia.

Siku chache baadaye Mardhiya akaingia posta amejitanda zile kanga, akaketi kwa kishindo.

"Mchumba wangu ana akili kweli? Nimekutana naye njiani, nikajifunika kwa aibu. Yeye ananiita shemeji. Ati, 'Shemeji, Zaina ana nini, mbona ananikatia simu?'"

Kisha akamtazama mdogo wake.

"Zaina. Tangu lini?"

"Tangu bucha la Salumu." Machozi yakamtoka. "Lakini kama unampenda, dada, nitanyamaza."

"Nimpende vipi mtu ambaye sijawahi kusema naye? Mimi nimependa kanga." Mardhiya akashusha pumzi. "Ila kwa baba siendi. Nikisema posa si yangu, mji mzima utasema nimekataliwa. Sema mwenyewe."

Ijumaa Bwana Sadallah akaja kupanga siku ya ndoa. Wazee wakakaa barazani na maneno yakaanza upya, ua na harufu yake, ua na umande wake. Zaina akaleta kahawa. Binti hazungumzi kwenye posa yake, hilo alilijua tangu utotoni. Akalitua sinia.

"Baba. Ua lenyewe ni mimi."

Kikombe cha Mzee Rajabu kikasimama hewani. Akamgeukia Sadallah, na Sadallah akakiri taratibu kwamba aliambiwa ni binti wa simu, lakini aliona kumtajia mtu kazi ya bintiye ni kukosa adabu.

Mzee hakucheka. Alimwita Mardhiya, na sauti yake ilikuwa ya baba anayeogopa kumwona mwanawe ameumia. Mardhiya akatoka, kichwa juu.

"Nimesikia, baba. Mimi ningemkataa kesho, mmeniwahi tu. Mpeni Zaina. Lakini kanga sirudishi."

Hapo ndipo mzee alipocheka mpaka akapaliwa, na Sadallah akampigapiga mgongo.

Jumatatu Zaina hakungoja taa iwake. Akapiga kliniki yeye.

"Wamekubali," alisema. "Safari hii ni mimi. Ila ulete doti nyingine, ile ya kwanza imeshavaliwa."

Msabaha, ambaye hakuna aliyemweleza lolote, akauliza:

"Imevaliwa na nani?"