Siku Anselmi Alipovunjika Mguu Porini

Maji ya mafuriko yaliipiga pikapu yao ubavuni, ikayumba, ikaacha njia na kubiringika korongoni. Anselmi alipofumbua macho, mdomo ulijaa matope na mguu wake wa kushoto ulikuwa umepinda chini ya goti. Mkewe, Herieth, alimkokota kwa makwapa mpaka ukingoni. Walikuwa katikati ya msitu, wakitoka shambani kwao Kisarawe kurudi Kibaha. Simu zilikuwa zimelowa, na gari lilishaanza kusombwa.

Mwaka mzima Anselmi alikuwa akisoma falsafa ya Wastoiki, wale Wayunani wa kale waliofundisha mtu ashughulikie yaliyo mikononi mwake na asihangaishwe na mengine. Foleni ya Barabara ya Morogoro haikumkera tena. Majirani wa mtaani kwao, Sofu, walimsifia utulivu. Sasa alikuwa akipiga kelele, akiilaani mvua, barabara, mpaka mguu wenyewe.

"Baba Wema," Herieth alisema, "mvua iko mikononi mwetu?"

"Haiko."

"Na mguu?"

"Umeshavunjika."

"Haya, chetu ni kipi?"

Anselmi alihema. "Kuufunga. Maji ya kunywa. Kupata watu."

Herieth alichana kanga, akavunja fito mbili, akaufunga mguu huku mumewe akiuma mkanda wa suruali. Walikinga maji ya mvua kwa kifuniko cha hotipoti kilichorushwa nje ya gari, wakanywa kwa zamu.

Mvua ilipokatika, harufu ya moshi ikawafikia.

"Kuna tanuri la mkaa," Anselmi alisema. "Ufuate upepo unakotoka."

"Nikuache peke yako?"

Alitaka kusema usiende. "Nenda. Mimi nipo hapa."

"Utakwenda wapi na mguu huo?" Herieth akacheka, akatokomea vichakani.

Siafu walikuja. Anselmi alijiburuta kwa viwiko, akalala kifudifudi akitweta. Wastoiki walishauri mtu avute picha ya kumpoteza ampendaye, ili amthamini angali naye. Nyumbani alikuwa akiruka kurasa hizo. Sasa picha ilijileta yenyewe, akalia.

Jua lilikuwa likishuka aliposikia, "Baba Wema!"

Herieth alikuwa pekupeku, pamoja na mzee Mwinyimadi, mchoma mkaa, aliyekuwa akisukuma baiskeli.

"Shikamoo, mzee," Anselmi alinong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Mama, mshike kiuno asianguke."

Wakampakia kwenye keria, wakasukuma kwa pamoja mpaka barabarani, ambako lori la mchanga liliwachukua hadi hospitali ya Tumbi.

Wiki iliyofuata Anselmi alikuwa kitandani nyumbani, mguu ukiwa kwenye plasta. Uani, Herieth aligombana na bomba lililokauka, sauti juu, asubuhi nzima. Anselmi aliomba mlango uachwe wazi, apate kumsikia vizuri.